Sifa za Mwombaji: Awe na Mume Mvumilivu

Nimeisoma orodha ya sifa za mwombaji wa shahada ya uzamili ya uchumi kuanzia juu hadi kwenye sanduku la posta, kisha nikavaa miwani nikairudia. Mwombaji awe na shahada ya kwanza. Awe na GPA isiyopungua 2.7. Alete cheti cha kuzaliwa, nakala za matokeo zilizogongwa muhuri wa wakili, barua za watu wawili wanaomjua kitaaluma, picha za pasipoti, na risiti ya ada ya maombi ambayo hairudishwi hata ukifa kesho yake. Mume hajatajwa popote. Watoto hawajatajwa. Mama mkwe, aliyefunga safari kutoka Korogwe kuja kutulelea mtoto mdogo muhula mzima, hajatajwa hata kwa herufi za kwanza za jina lake.

Naandika haya kwa niaba ya wasiotajwa.

Mke wangu ni mchumi wa halmashauri. Kazini walishamwambia kwamba pale alipofika ndipo mwisho wa reli, kupanda zaidi ni mpaka masters. Aliponiletea habari hiyo nilikubali haraka, tena kwa furaha, kwa sababu nilidhani anakwenda kusoma uchumi. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mshahara wangu hufika ukiwa hoi, na nilikuwa na maswali yangu ya siku nyingi. Kwa nini sukari hupanda kila mfungo unapokaribia? Kwa nini nauli ikipanda haishuki hata mafuta yakishuka? Kwa nini mwenye nyumba wangu, ambaye ana redio, hajawahi kusikia habari ya bei kushuka? Nikasema moyoni, sasa nitakuwa na wa kumuuliza, tena usiku na bila ada.

Kabla hatujaingia darasani, tuimalize hiyo 2.7. Kwetu Tanzania shahada ya kwanza hupimwa hadi 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 ni la pili la juu, kuanzia 2.7 ni la pili la chini, na kuanzia hapo kushuka hadi 2.0 ni kufaulu tu, yaani umepita lakini usipige vigelegele. Shemeji yangu ana 2.6. Ni kijana mwerevu, ana duka la simu na hajawahi kufilisika, lakini alipotaka kusoma uchumi wa juu aliambiwa apitie kwanza stashahada ya uzamili, mwaka mzima na ada yake, ili aizibe ile nukta moja. Sasa sikilizeni. Muhula wa kwanza tu mke wangu alifundishwa kwamba tofauti ndogo isiyo na uzito kitakwimu haifai kuamulia jambo. Wanaofundisha hivyo ndio hao hao waliomrudisha shemeji. Nilipomwuliza mke wangu akajibu bila kuinua kichwa: "Ile ni sera, hii ni ekonometriki." Shemeji alipoletewa jibu hilo akaomba arudishiwe hela yake ya picha za pasipoti.

Halafu kuna hesabu ya saa. Tume ya Vyuo Vikuu inataka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa ni saa 10 za mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Hisabati yangu ni ya ramani na vipimo, lakini 180 mara 10 naiweza: ni saa 1,800. Sasa niulize, saa hizo zinatoka ghala gani? Mwanamke alikuwa na saa 24 kabla ya kusajiliwa na ana saa 24 baada ya kusajiliwa. Kazini hawakumpunguzia, foleni ya Mbagala haikumpunguzia. Zimetoka nyumbani. Zimetoka kwenye ule ugali ambao sasa nasonga mimi, na ambao watoto wanaula wakitazamana. Zimetoka kwenye vikao vya shule, kwenye misiba ya upande wake ambayo mimi ndiye ninayewakilisha, nikikaa jamvini na wajomba nisiowajua majina. Chuo kinampa yeye krediti 180. Mimi nimeomba hata 20, za heshima tu, naambiwa mfumo haunitambui.

Basi akaanza. Uchumi mikro, uchumi makro, mbinu za hisabati, ekonometriki. Nikasubiri jioni ya kwanza nimuulize habari ya sukari. Nikamkuta ameinamia daftari lililojaa alama ambazo mtoto wetu wa darasa la pili, baada ya kuzitazama kwa muda mrefu, aliuliza kwa nini mama anachora minyoo. Hakukuwa na sukari. Hakukuwa na nauli. Kulikuwa na mtumiaji, jina lake i, ambaye ana bidhaa mbili tu duniani, ya kwanza inaitwa x na ya pili inaitwa y, na kazi yake usiku na mchana ni kuridhika kadiri inavyowezekana kwa fedha aliyonayo.

"Na anaridhikaje?" nikauliza.

"Kwa njia ya Lagrange."

Lagrange, kwa faida ya msomaji ambaye hajaolewa wala kuoa mwanafunzi, alikuwa mwanahisabati aliyezaliwa Turin mwaka 1736 na kufia Paris mwaka 1813, na sidhani kama aliwahi kununua x wala y. Yeye alitafuta namna ya kufika juu kabisa ya kilima huku umefungwa kamba mguuni. Wachumi wakaichukua kamba hiyo wakaiita bajeti. Ndani ya hesabu hiyo mna herufi ya Kigiriki, lambda, ambayo mke wangu alinieleza kwa uvumilivu mkubwa: inakwambia ukiongezewa shilingi moja zaidi, utaridhika zaidi kwa kiasi gani. Hapo nilikaa sawasawa kwenye kiti. Nikamwambia kipimo hicho kinahitaji majaribio, aniongezee elfu kumi tuone. Akasema lambda ni ya kinadharia.

Nataka nitende haki hapa, maana najua wasomaji wa safu hii mnangoja niseme kwamba mama muuza nyanya sokoni anaujua uchumi kuliko hao wote. Sisemi hivyo. Mama muuza nyanya ninayemnunulia ndiye aliyeniambia kwamba bei imepanda kwa sababu ya jicho la watu. Hesabu zina kazi yake. Ninachonung'unikia ni kwamba mtu anaweza kupita muhula mzima wa uchumi bila kukutana na kitu chenye bei. Kile kitabu kikuu cha uchumi mikro cha Mas-Colell na wenzake wawili, cha mwaka 1995, kina kurasa karibu 1,000. Nimekifungua mara nyingi nikivizia kitunguu. Nimekuta seti, vekta na uthibitisho. Mtu wa Ilala hayumo.

Marekani ndiko wanakokinywa kitabu hicho kama uji. Kule wengi hutoka shahada ya kwanza moja kwa moja hadi PhD, miaka mitano, sita au zaidi. Mwaka wa kwanza wote ni mikro, makro na ekonometriki, kisha unakuja mtihani mkubwa wa kuchuja. Anayeshindwa kwenye chujio kwa kawaida huruhusiwa kuondoka na masters kama pole ya msiba. Nilipomsimulia mama mkwe kwamba kuna nchi ambako masters ni pole, alitazama kitanda cha mjukuu wake, akamtazama binti yake aliyelala juu ya daftari, akasema "hao hawana adabu." Nilikubaliana naye, jambo ambalo halitokei sana.

Lakini muhula wa pili mambo yakanigeukia. Kukaja somo la uchumi wa kaya, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa salama zaidi wakati wa Lagrange. Mwanzo lilikuwa somo zuri. Gary Becker wa Chicago, aliyepata Nobel mwaka 1992, aliiona familia kama kiwanda kidogo chenye mkuu wa kaya mwenye huruma, anayegawa rasilimali kwa manufaa ya wote. Nilimpenda Becker. Nikasema huyu bwana anafaa kufundishwa shule ya msingi, na nikamwomba mke wangu anisomee tena hapo penye mkuu wa kaya mwenye huruma.

Wiki iliyofuata wakamwacha Becker. Wakaja wachumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliosema kaya si mtu mmoja mwenye nia moja. Kaya ni watu wawili wanaopatana bei, kama pale Kariakoo. Na nguvu ya kila mmoja katika mapatano hayo, mke wangu alinisomea taratibu huku akinitazama juu ya miwani, inategemea hali atakayokuwa nayo akiamua kuondoka. Mwenye elimu zaidi na kipato zaidi ana pa kwenda, kwa hiyo ana sauti zaidi ndani. Akafunga daftari. Akasema: "Ndiyo maana wanasema elimu ya mwanamke hubadilisha matumizi ya nyumba." Nikasema vizuri sana. Jioni ile nilinunua kuku mzima wa kienyeji, na hakuna aliyeniomba.

Tangu hapo nikajaribu kuupunguza ukali wa masomo kwa kutumia historia. Nilisoma, maana na mimi nimesoma. Nikamwambia Keynes, ambaye nusu ya uchumi makro imebeba jina lake, alisoma hisabati Cambridge na hakuwa na PhD. John Nash alimaliza PhD yake Princeton mwaka 1950 kwa tasnifu isiyofika kurasa 30, na ikamletea Nobel. Elinor Ostrom alitaka kusoma PhD ya uchumi Los Angeles wakamkatalia kwa sababu hisabati yake haikutosha, akaenda kwenye sayansi ya siasa, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, nadhani huku waliomkatalia wakipiga makofi kwa adabu. Mwalimu Nyerere alirudi na MA ya Edinburgh mwaka 1952, na kule Scotland MA ya namna ile ndiyo shahada ya kwanza. Na Oxford, mwenye BA hungoja tu: ikitimia miaka saba tangu aandikishwe, anaweza kupewa MA bila mtihani, bila tasnifu, bila kumsumbua mtu.

"Basi kaoe Oxford," alisema mke wangu, akarudi kwenye lambda.

Mwenzake mmoja yeye alisoma kwa ule mpango wa pamoja wa shirika la utafiti wa uchumi barani Afrika lenye makao Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1988. Masters yao ya ushirikiano ilianza 1993 na PhD mwaka 2002. Wanafunzi husoma masomo ya msingi vyuoni kwao, kisha wanakusanywa Nairobi miezi kadhaa kwa masomo ya kuchagua, Mtanzania na Mghana na Mzimbabwe darasa moja. Ni mpango mzuri, vyuo vyetu vingi peke yake visingeweza kuwa na walimu wa kila somo. Nimezungumza na mume wa huyo mwenzake. Anasema ilikuwa afadhali, kwa sababu mke akiwa Nairobi unajua hayupo. Wa kwangu yupo sebuleni na hayupo.

Haya, tuje kwenye tasnifu, maana huko ndiko kuliko na kesi yenyewe.

Masomo ya darasani, pamoja na yote niliyosema, yana tarehe. Mtihani una siku yake, unafanyika hata kukiwa na mafuriko Jangwani, na majibu yanabandikwa. Tasnifu haina siku. Mke wangu alichagua kuandika juu ya vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana: je, mwanamke akijiunga na kikoba kipato chake kinaongezeka? Nilifurahi. Hatimaye kitu chenye shilingi ndani yake, na tena kikoba chenyewe kinakutana kila Jumamosi barazani kwa jirani yetu, mlango wa tatu. Nikadhani atavaa kanga, avuke, aulize, arudi kabla chai haijapoa.

Kumbe kwanza chuo kiandike barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi ya mkoa imwandikie Katibu Tawala wa Wilaya. Wilaya iiandikie manispaa. Manispaa imwandikie mtendaji wa kata, mtendaji wa kata amtambulishe kwa mtendaji wa mtaa, na mtendaji wa mtaa, ambaye mke wake ndiye mweka hazina wa kikoba, agonge muhuri. Barua ilizunguka mkoa mzima ikarudi mlango wa tatu. Jirani yetu alipoonyeshwa ile mihuri aliogopa akadhani ni mambo ya kodi, na kikoba kikahamia kwa mtu mwingine kwa muda.

Dodoso likajazwa hatimaye. Matokeo yakawa mazuri: wanawake walio kwenye vikoba wana kipato kikubwa kuliko wasiokuwemo. Mke wangu akapeleka kwa msimamizi wake. Msimamizi akauliza swali moja tu. Kikoba ndicho kilichowapa kipato, au wenye kipato ndio wanaoingia kwenye kikoba?

Inaniuma kusema, lakini ni swali la haki. Mama mmoja hapa mtaani aliomba kuingia akakataliwa kwa sababu hakuwa na fedha ya hisa za kuanzia. Wanaoingia tayari wana kitu. Ukiwalinganisha na waliobaki nje, unapima tofauti iliyokuwepo hata kabla kikoba hakijazaliwa. Hili ndilo jambo moja katika masters nzima ambalo nimelielewa hadi mwisho, na tangu nilielewe limeniharibia starehe ya kusoma magazeti. Naambiwa wanaokula matunda huishi muda mrefu, nami nauliza, je, si ndio hao hao wenye bima?

Dawa ya tatizo hili, kwa wachumi, inaitwa instrumenti. Utafute kitu kinachomsukuma mwanamke kuingia kikoba, lakini kisichogusa kipato chake kwa njia nyingine yoyote. Ukikipata, umepona. Mwaka 1991 Wamarekani wawili, Angrist na Krueger, walitumia robo ya mwaka mtu aliyozaliwa. Kule sheria inamlazimisha mtoto kubaki shule hadi afikishe umri fulani, na anayezaliwa Januari huanza shule akiwa mkubwa kidogo, kwa hiyo hufikisha umri huo akiwa amesoma muda mfupi zaidi. Mwezi wa kuzaliwa mtu hajichagulii, basi wakautumia kupima faida ya elimu. Angrist alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na Imbens na Card, na mchango wake ulikuwa kwenye mambo kama hayo. Mimi nilizaliwa Januari. Mke wangu alinitazama kwa namna fulani alipokuwa ananieleza.

Basi nyumba nzima tukaanza kuwinda instrumenti. Nilisema umbali kutoka nyumbani hadi kwenye kikoba. Akasema wanaokaa karibu na vikoba wanakaa karibu na soko, na soko linagusa kipato. Nikasema mvua. Akasema mvua Dar es Salaam inagusa kila kitu, mpaka nguo za ndani. Shemeji, ambaye hakuruhusiwa hata kuingia masters, akasema kuwa na rafiki mwenye maneno mengi: huyo atakusukuma tu uingie. Hilo lilikaa mezani siku kadhaa, tukaliheshimu, mpaka mke wangu akaona kwamba rafiki mwenye maneno mengi huleta pia wateja. Mama mkwe akasema, "Mume mlevi. Mwanamke mwenye mume mlevi lazima akimbilie kikoba." Kukawa kimya. Nikaeleza, kwa sauti ya kitaaluma, kwamba mume mlevi anakula kipato moja kwa moja, kwa hiyo sharti la pili linavunjika. Nilisifiwa. Nadhani ndiyo sifa pekee niliyoipata tangu mpango huu uanze.

Instrumenti haikupatikana. Msimamizi akamwambia aache dodoso lake, mihuri yote ile, atumie takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu: ule utafiti wa kufuatilia kaya ulioanza 2008/09 kwa kaya 3,265, ambapo watu wale wale hurudiwa baada ya miaka kadhaa na kuulizwa tena habari za chakula, mazao, elimu na mikopo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kabla hajaanza kukopa na baada ya kuanza, badala ya kumlinganisha na jirani. Na aliyehama wanamfuata alikohamia. Mwalimu mwenzangu aliposikia hivyo aliuliza ofisi hiyo iko wapi, kwa kuwa ana mdeni wake aliyehama mwaka juzi.

Kutoka hapo maisha yetu yakawa ya nyota. Kompyuta ikimaliza hesabu hutoa jedwali, na pembeni ya kila namba huwekwa nyota. Nyota tatu maana yake kama kweli hakuna uhusiano wowote, uwezekano wa kupata matokeo makubwa kiasi hicho kwa bahati tu ni chini ya asilimia 1. Mbili ni asilimia 5, moja ni 10. Namba isiyo na nyota ni aibu ya ukoo. Nilijifunza kutazama kioo cha kompyuta kabla ya kuomba jambo lolote. Penye nyota tatu naweza kuomba chai. Pasipo na nyota naosha vyombo bila kuulizwa, na natembea pole pole. Usiku mmoja umeme ulikatika kabla hajahifadhi kazi, na sitasimulia.

Sura tatu zimepita. Ya nne imepelekwa kwa msimamizi. Na hapa naomba tuelewane, kwa sababu watu wakisikia masters ya uchumi ni ngumu wanadhani ugumu ni Lagrange. Lagrange alishakufa, hana safari. Ugumu ni mtu aliye hai, mwenye wanafunzi wengi, vikao vingi, na kazi za ushauri elekezi zinazomlipa kwa siku moja kile ambacho kusoma sura ya mke wangu hakimlipi kwa mwaka. Simlaumu hata kidogo kwa mujibu wa nadharia. Mtumiaji i anatafuta kuridhika kwa kadiri ya bajeti yake, na sura ya nne haina lambda yoyote upande wake. Ukimpigia yuko Dodoma. Ukimwandikia anajibu "nimeipokea", na kupokea kwake ni kama posta inavyopokea. Wakati huo chuo kina fomu ya maendeleo ya mwanafunzi kila muhula, inayotaka sahihi yake, na ukichelewa kumaliza unalipia kuongezewa muda. Anayechelewesha ni mmoja, anayelipa ni mwingine. Jambo hilo nalo lina somo lake kwenye uchumi mikro, naambiwa, sura nzima na mifano.

Yaliyobaki ni madogo madogo. Kuna ile programu ya kukagua kunakili, iliyotia rangi nyekundu ukurasa wa shukrani kwa kuwa wengine nao wamewahi kumshukuru Mungu, wazazi na waume zao. Kuna pambizo la kushoto ambalo lazima liwe pana, fundi wa kujalidi anataka malipo kabla, na jalada gumu lina rangi yake maalumu. Hayo nitayaweza. Nimeshatenga hela.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba juzi nimekuta fomu nyingine chini ya mto. Ya PhD. Nimeisoma yote, nimevaa miwani. Wenzetu Kenya, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu ilishaweka kwamba wa PhD awe amechapisha makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla hajahitimu, na mke wangu anasema jambo hilo ni zuri na lingefaa liwe kila mahali. Nimemwambia anunue kuku mwenyewe safari hii.

Kwa wakuu wa vyuo: wekeni kwenye fomu zenu za kujiunga nafasi ya wanakaya kusaini, tujue tunachoingia. Na wewe msimamizi, ambaye sikutaji kwa sababu bado nakuhitaji, sura ya nne iko kwenye baruapepe yako tangu kabla ya mfungo. Ina kurasa 31, na majedwali yake yana nyota. Tafadhali isome wiki hii.